Shajara ya mradi: Wirksworth na Cromford, kitu kwanza, mwaka baadaye

Wirksworth ni mji mdogo wa soko katika Derbyshire, katikati ya Uingereza. Cromford ni kijiji jirani, maili mbili hivi kutoka hapo, chini ya kilima kikali kinachoshuka hadi bonde la mto Derwent. Mji uliishi kwa risasi na mawe, kijiji kikaishi kwa pamba. Risasi inayotajwa humu ni ile madini nzito ya kijivu iliyotengenezewa mabomba na mapaa ya makanisa.

Mradi unakusanya kumbukumbu za maisha ya kila siku za sehemu hizi mbili na kuzioanisha na ramani, picha na madaftari ya zamani. Kanuni ni moja: msimulizi aulizwe kitu kwanza, mwaka baadaye. Yanayofuata ni maendeleo ya kazi, pamoja na mahali ilipokwama na sababu zake.

Wiki ya 1 na ya 2: ramani

Tulianza na ramani kabla ya kumtafuta msimulizi yeyote. Mtu aliyekulia mahali hukumbuka kwa miguu: alipita wapi akienda shule, aligeukia wapi akitumwa mkate. Ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za kipimo cha 1:2500 ndizo zinazofaa, maana sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 25 ardhini, na banda la nguruwe nyuma ya nyumba linaonekana kama kisanduku kidogo. Herufi W ni kisima, P ni pampu, P.H. ni baa. Herufi hizo tatu peke yake zilifungua mazungumzo mengi kuliko orodha nzima ya maswali tuliyokuwa tumeandaa.

Nakala zilichapwa kwenye karatasi za A3, juu yake ikawekwa karatasi nyembamba ya kunakilia, na msimulizi akachora kwa penseli. Kosa la kwanza lilikuwa la mashine: mashine ya nakala ilivuta ramani upande mmoja, na nyumba zikakaa mahali pasipo pake tulipolinganisha karatasi mbili. Sasa kila nakala inapimwa kwa rula kwenye mstari wa kipimo ulio chini ya ramani, kwa urefu na kwa upana. Ikizidi milimita 1 katika sentimita 10, inatupwa.

Wirksworth ina eneo moja linalohitaji karatasi yake peke yake. Kati ya mitaa ya Greenhill na The Dale, nyumba zimepanda mlima zikikanyagana mabegani, na vichochoro vinapinda mpaka eneo lote likaitwa Puzzle Gardens. Ramani ya kawaida huonyesha njia iendako, haionyeshi kwamba mlango wa huyu uko usawa wa paa la yule. Hapo tumechora mchoro wa wima pembeni, ngazi kwa ngazi.

Wiki ya 3: maswali

Swali "ilikuwa mwaka gani?" limeondolewa kabisa mwanzoni mwa mahojiano. Mtu akiulizwa mwaka hubahatisha, kisha hujisikia kufungwa na jibu lake na kulitetea. Akiulizwa beseni la kufulia lilikaa wapi, maji yalitoka upande gani na nani aliyabeba, jibu huja na mwili wake: mkono unaonyesha urefu wa meza, kichwa kinageuka kutafuta dirisha.

Mwaka unatafutwa baadaye kwa vigingi, yaani matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Vile vinavyofanya kazi vizuri hapa ni hivi: majira ya baridi ya 1946 hadi 1947 na ya 1962 hadi 1963, yote mawili ya theluji nzito, kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II tarehe 2 Juni 1953, mwisho wa mgao wa nyama Julai 1954, na kubadilishwa kwa fedha tarehe 15 Februari 1971. Cha nyumbani kabisa ni mtambo wa Middleton Top, mashine ya mvuke iliyotengenezwa mwaka 1829, ambayo iliendelea kuvuta mabehewa mlimani hadi 1963. Anayesema alikuwa akisikia mabehewa yakivutwa Middleton anazungumzia mwaka huo au kabla yake, hata kama yeye mwenyewe angeapa ni 1965.

Maneno ya mahali yanaandikwa yalivyotamkwa, bila kusahihishwa. Kichochoro ni "jitty", chakula cha kubeba kazini ni "snap", asiyevumilia baridi ni "nesh". Msaidizi mmoja alikuwa akiyageuza kuwa Kiingereza sanifu alipokuwa akinakili. Nakala zake zilirudiwa zote, kwa sababu neno likishapotea hakuna rekodi nyingine itakayolirudisha jinsi lilivyokaa katika sentensi ile.

Wiki ya 4 hadi ya 6: kunasa sauti

Faili ni WAV, 48 kHz, biti 24. MP3 haitumiki isipokuwa kwa nakala ya kumpa msimulizi. Maikrofoni inakaa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige, na chini yake kinawekwa kitambaa kilichokunjwa. Bila kitambaa, kila kikombe cha chai kinachowekwa mezani husikika kama nyundo. Friji huzimwa kwa idhini ya mwenye nyumba, na ufunguo wa gari huwekwa ndani ya friji hiyo ili mtu asiondoke bila kuiwasha tena. Saa ya ukutani hutolewa chumbani. Kabla ya swali la kwanza hunaswa sekunde 30 za ukimya, ambazo fundi atazihitaji kupunguza mvumo.

Kikao kisizidi dakika 90. Baada ya hapo sauti huchoka na majibu huwa mafupi. Saa moja ya sauti hula saa sita hadi nane za kunakili, na anayepanga ratiba bila kuhesabu hilo atajikuta na mlima wa faili zisizosomeka na mtu. Tulijikuta hivyo wiki ya 5, tukasimamisha kurekodi siku kumi.

Fomu ya idhini inasainiwa mwisho wa kikao, msimulizi akishajua amesema nini. Majirani wanaotajwa kwa mabaya hufichwa majina katika nakala ya kusomwa na wote. Faili zinakaa mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo ni nje ya mji.

Wiki ya 7: pishi ya risasi

Kitu kilichopangiwa wiki hii kiko katika Moot Hall, jengo la mwaka 1814 kwenye Chapel Lane. Ni chombo cha shaba cha mwaka 1513, cha pembe nne, kirefu kama hori dogo, cha kupimia mawe ya risasi. Kinameza karibu painti 14, yaani chini kidogo ya lita 8. Msomaji wa Kiswahili asihangaike kukielewa: ni pishi. Kama pishi ya nafaka, kinapima ujazo na si uzito, na ndicho kilichoamua ugomvi wa mnunuzi na mchimbaji.

Sheria iliyokizunguka ndiyo inayoeleza jinsi mji ulivyojengwa. Katika ardhi ya mfalme, mtu yeyote aliruhusiwa kutafuta risasi, hata kwenye shamba la mwingine, mradi asichimbe makaburini, bustanini, kwenye miti ya matunda wala barabarani. Akigundua mkanda wa madini, alilipa pishi ya kwanza ili atambuliwe, kisha akapimiwa eneo. Kipande kimoja kiliitwa "meer", na upande wa Wirksworth kilikuwa yadi 29, sawa na mita 26 na nusu. Mgunduzi alipewa viwili, cha tatu kikawa cha mwenye enzi. Juu ya shimo alitakiwa kuweka winchi ya mbao. Kazi ikilala, msimamizi wa migodi alikata alama kwenye mbao hizo, na zikifika tatu bila kazi kuanza, mgodi ungeweza kupewa mwingine. Baraza la migodi linalosimamia sheria hiyo bado hukutana Moot Hall, mara moja kwa mwaka.

Kwa mradi, faida yake ni ya moja kwa moja. Msimulizi akisema shamba lao lilikuwa na "vilima vidogo" ambako ng'ombe hawakuruhusiwa kulisha, tunajua ni vifusi vya mashimo ya kale. Vumbi la risasi huua mifugo, na ardhi iliyochafuka hivyo ina jina lake, "belland". Ndiyo maana kuna mistari ya miti iliyopandwa juu ya vifusi: miti iliwazuia wanyama. Tumeweka alama hizo kwenye ramani, na mistari inafuata mikanda ya madini chini ya ardhi.

Ndani ya kanisa la St Mary kuna mchongo mdogo wa mchimbaji mwenye sururu na kikapu, uliohamishwa kutoka kanisa la Bonsall. Unaitwa T'Owd Man. Katika maneno ya wachimbaji jina hilo lina maana mbili kwa pamoja: wazee waliotangulia, na mashimo waliyoyaacha. Akitajwa katika rekodi, mnakili aandike jina lenyewe na asichague maana moja.

Wiki ya 8 hadi ya 10: maji ya Cromford

Wiki hizi tatu ndizo zilizotupa picha ya jumla, na kitu kilichoanzisha yote ni shimo lililojengewa kwa mawe. Liko Cromford, wanaliita Bear Pit, na wapo wanaoamini lilifugiwa dubu. Ni kazi ya maji. Mwaka 1785 palizibwa hapo handaki la chini ya ardhi ili maji yapande na kuelekezwa kwenye bwawa la kijiji.

Handaki hilo ni Cromford Sough. "Sough" ni njia ya kutolea maji migodini: wachimbaji wa risasi walikuta maji yakijaa chini, wakatoboa mlima kutoka bondeni ili yatoke yenyewe bila pampu. Maji yake hayakuganda kirahisi kama ya vijito vya juu. Richard Arkwright aliona faida hiyo. Mwaka 1771 alianza kujenga hapo kiwanda cha kusokota pamba kwa gurudumu la maji, akitumia maji ya sough pamoja na kijito cha Bonsall. Kwa hiyo pamba ya kijiji iliendeshwa na uchafu wa migodi ya mji. Mtu akizisimulia sehemu hizi mbili kama historia mbili, amekata bomba katikati.

Kiwanda kilifanya zamu ya mchana na ya usiku, wengi wa wafanyakazi wakiwa wanawake na watoto. Mwaka 1776 zilijengwa nyumba za North Street, za ghorofa tatu, chumba kimoja kila ghorofa. Ghorofa ya juu ina madirisha mapana, maana huko baba alifuma vitambaa kwenye mwanga wakati familia ikisokota kiwandani. Anayepiga picha za North Street asimame mbali kiasi cha kuchukua madirisha ya juu. Picha nyingi tulizoletewa zimekata sehemu hiyo hasa, zikabaki na milango na maua.

Kisha maji yakaondoka. Mwaka 1772 ulianzishwa mchimbo wa handaki jingine, Meerbrook Sough, lililo chini zaidi. Lilipofika mikanda ileile ya madini, maji yalifuata njia ya chini, na katika miaka ya 1840 kiwanda cha Cromford kilipoteza nguvu yake. Masson Mill, kilichojengwa mwaka 1783 kando ya Derwent, kilikuwa na mto mzima, nacho kiliendelea kusokota hadi 1991. Tumechora mahandaki yote kwa rangi mbili juu ya ramani moja, na wasimulizi walioiona ndio waliotuambia ni visima gani vya bibi zao vilikauka.

Hapa kuna uzi unaofika kwetu. Samuel Slater, aliyejifunza kazi katika viwanda vya Jedediah Strutt, mshirika wa Arkwright, katika bonde hilihili, alihamia Marekani mwaka 1789 akiwa na mitambo hiyo kichwani, na akaijenga Rhode Island. Viwanda vya New England vilivyokua baada yake ndivyo vilivyofuma ile merikani iliyovaliwa Unguja na kubebwa bara katika karne ya 19.

Wiki ya 11: picha

Picha za karatasi zinaskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), ndogo kama za pasipoti kwa 1200, zote TIFF. Mgongo wa picha unaskaniwa pia, hata ukiwa mtupu, kwa kuwa muhuri wa studio uliofifia huonekana ukiongezewa kontrasti. Namba huandikwa nyuma kwa penseli laini ya 2B, pembeni, picha ikiwa juu ya kioo; kalamu ya wino hupenya. Albamu za kurasa zenye gundi hazibanduliwi. Zinapigwa picha zilivyo, kamera ikiwa sambamba na ukurasa, taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45.

Slaidi za kioo hugeuka. Tuliweka picha ya sokoni kinyume, na msimulizi akahangaika nusu saa kutafuta mlango wa nyumbani kwao. Tangu hapo hatua ya kwanza ni kusoma maandishi yoyote yaliyomo: kibao cha duka, namba ya behewa, jina kwenye gari la maziwa. Yasipokuwepo, tunaangalia vifungo vya koti la mwanamume, ambavyo hukaa upande wa kulia wa mvaaji.

Wiki ya 12: fedha na madaftari

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kujikwaa kwenye shilingi. Yetu, tangu 1921, iligawanywa senti 100. Ya Uingereza ilikuwa peni 12, na shilingi 20 zikafanya pauni. Kodi iliyoandikwa £1 7s 6d (pauni 1, shilingi 7 na peni 6) ni peni 330. Tunaiacha ilivyo, kisha tunaandika jumla ya peni kwenye safu ya pili ili iweze kulinganishwa.

Cromford ilikuwa sehemu ya parokia ya Wirksworth, na kanisa lake likafunguliwa 1797. Ubatizo wa mtoto wa Cromford wa kabla ya hapo utafutwe kwenye daftari la mjini. Mambo mengine ya kuangalia: kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari ya 1690 ni yetu ya 1691. Sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi kizidishio cha tano kilicho chini yake, kwa hiyo mwenye miaka 44 ameandikwa 40. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto, ya 1941 haikufanyika.

Wiki ya 13 na ya 14: mabomba yaliyovishwa maua

Mwaka 1827 Wirksworth ilisherehekea maji ya bomba kwa kupamba mabomba yenyewe, na desturi hiyo inaendelea mwishoni mwa Mei. Kazi hii lazima irekodiwe mikono ikiwa ndani ya udongo. Mpambaji akiketi kitini kuieleza, huruka nusu ya hatua kwa sababu vidole vyake vinazijua kuliko yeye.

Pambo ni picha ya petali iliyobandikwa juu ya udongo. Fremu ya mbao iliyopigwa misumari mingi yenye vichwa vinavyochomoza huzamishwa majini siku kadhaa. Mbao kavu zingefyonza maji ya udongo, nao ungepasuka na kudondoka. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na maji na chumvi, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ulegee bila mabonge. Chumvi huzuia usikauke haraka. Hupakwa unene wa inchi moja hivi, misumari ikiushika, kisha husawazishwa kama plasta.

Mchoro wa karatasi hulazwa juu, ukatobolewa kwa sindano kufuata mistari. Karatasi ikibanduliwa hubaki vitundu, ambavyo hufuatwa kwa vitu vigumu: vikoni vyeusi vya mti wa alder, buni, mbegu, maharage. Kuvu-mwamba (lichen) na kuvumwani (moss) hujaza sehemu zinazodumu. Petali huja mwisho, na hapa ndipo wageni hukosea. Huanza kutoka chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake, kama makuti. Ukianza juu, mvua huingia nyuma ya petali na kulimomoa pambo lote usiku mmoja. Petali hubanwa kwa kidole upande mmoja tu. Ukizibana katikati zinachubuka na kuwa kahawia kabla ya watu kufika.

Pambo hudumu karibu wiki moja. Tunalipiga picha kila asubuhi kutoka sehemu moja, maana kunyauka kwake ni sehemu ya kumbukumbu: watu hukumbuka pambo la mwaka fulani kwa jinsi lilivyoharibika.

Wiki ya 15: vumbi

Machimbo ya chokaa yaliukaribia mji katika karne ya 20 mpaka yakawa nyuma ya nyumba. Kamba ya nguo ndiyo iliyochaguliwa kuwa kitu cha kuulizia. Siku za kufua, saa za kulipua miamba, dirisha lipi halikufunguliwa kamwe, nani alifuta kizingiti mara mbili kwa siku. Majibu yanaungana na upepo, hivyo kila kamba imewekwa kwenye ramani pamoja na mwelekeo wake kutoka machimboni. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya kitovu cha mji ilikuwa imechakaa. Ukarabati ulioanza 1978 kwa msukumo wa Civic Trust, shirika la hisani la kutunza miji, ulipata mwaka 1983 tuzo ya Europa Nostra, ya uhifadhi wa urithi wa Ulaya, nao umeacha picha nyingi za nyumba zilizobomoka. Hizo zinaskaniwa kwanza, kabla ya picha za sherehe.

Yaliyobaki

Mteremko wa reli wa Sheep Pasture haujaguswa. Mwaka 1888 mabehewa mawili yalikatika huko, yakaruka mfereji wa Cromford na reli kuu ya bondeni, na baadaye likajengwa shimo la kunasa mabehewa. Vilevile reli hiyo ilipeleka maji kwa mashamba ya mlimani yasiyo na visima, na ndoo za maji hayo ndizo zitakazoongoza maswali. Ramani za A3 za mteremko zimechapwa, zimepimwa kwa rula, mbili kati yake zimekataliwa na zitachapwa upya Jumatatu.